Udongo Wenye Chachu

Kila Machi Mama alimwaga chokaa,
ndoo mbili, kutoka kisimani hadi ukutani,
mikono myeupe kama ya mwoka mikate.
"Udongo huu mgonjwa," alisema.
Mawaridi yakafa,
lavenda ikafa,
na mwaka uliofuata akamwaga tena.

Nyuma ya nyumba yetu ya matofali, huku Ammerland,
jua huja kama mpangaji mwenye deni:
hubisha hodi saa nne, huchungulia, huondoka.
Kutwa iliyobaki ni ya mialoni.
Na chini ya mialoni, ardhi nyeusi ya kinamasi cha kale
iliyokunywa mvua karne nenda karne rudi
na haijashiba.

Mwaka ule tulipomzika,
Tjark Oltmanns, muuza miche, alikuja kunipa pole.
Sebuleni hakukaa. Chai yenye malai ikapoa.
Alipiga goti uani, kwenye kona ya mbali
ambako ndoo ya Mama haikuwahi kufika,
akachota udongo, akaunusa,
akauvuruga katika gilasi ya maji
na kutumbukiza kijikaratasi.
Kikaiva, kikawa chekundu.
"Gesche," akasema, "hapa pana chachu.
Si ugonjwa. Ni tabia."

Nikacheka, mara ya kwanza tangu mazishi.
Namjua mwingine mwenye tabia hiyo.

Akaniletea rododendroni tatu za kimo cha goti.
"Hizi hazirefuki," alisema, "hata mkizeeka pamoja."
Mizizi yake nywele tupu, haichimbi, inatandaa.
"Basi usizizike. Ziweke juujuu,
kama unavyoweka sahani mezani."
(Sawa. Kuzika tulikuwa tumekwisha kuzika.)
"Jembe lisikaribie. Gugu uling'oe kwa vidole.
Maji ya bomba usiyaamini, kinga ya mvua."
Na chokaa?
"Chokaa ni ya kuta."

Nikatandika sindano za msonobari,
majani ya mwaloni yaliyokwisha kusahau kuwa majani,
magome yaliyopondwa.
Mbili nikazipanda konani.
Ya tatu, kwa ukaidi niliourithi,
nikaipanda karibu na ukuta, pale pale pa Mama.

Kufikia Agosti ilikuwa njano,
mishipa tu ndiyo imebaki kijani,
kama ramani ya mito katika nchi isiyo na watu.
Niliichimbua usiku, sijui kwa nini usiku,
nikaihamishia kwa wenzake.

Januari ikaja na jalidi yake.
Majani yote yakajikunja yakawa sigara,
yakaning'inia.
Nikampigia Tjark simu nikilia
kwa ajili ya majani!
"Yanajikunyata tu," akasema. "Wewe huvai koti?"

Nikatoka, nikakunjua jani moja taratibu.
Upande wa chini, manyoya ya rangi ya mdalasini,
laini kama kola ya koti la Mama,
lile ambalo sikuthubutu kuligusa
akiwa amelivaa.
Nilisimama pale hadi vidole vikafa ganzi.

Mei, mbili zikachanua.
Matumba mekundu mekundu,
yakafunguka na kupauka,
yakaishia meupe, pale pale kivulini,
meupe kuliko chokaa yote iliyowahi kumwagwa hapa.
Ya tatu haikuchanua.
Ilitoa majani manne tu, ya kijani kweli kweli.
Nimeyahesabu.

Jana nilifungua banda.
Ndoo yake imo bado, chokaa imeganda humo ikawa jiwe,
na alama za vidole vyake juu ya jiwe.
Nilifikiri kuitupa. Nilifikiri kuihifadhi.
Mwishowe nikaipindua, kichwa chini,
nikaiburuta hadi kona ya mbali.

Ndipo ninapokaa sasa,
nikipalilia kwa vidole.